Mercedes-Benz W124 au Toyota IST: Lipi Linunuliwe kwa Fedha Ileile

Katika soko la magari yaliyokwisha kutumika jijini Dar es Salaam, fedha inayotosha kununua Toyota IST ya toleo la kwanza iliyo katika hali nzuri mara nyingi hutosha pia kununua Mercedes-Benz ya aina ya W124, gari ambalo lilipokuwa jipya lilibeba mabalozi, wakurugenzi na wafanyabiashara wakubwa. Moja lilitengenezwa Japani liwe dogo, jepesi na la bei ya kumudu. Jingine lilitengenezwa Ujerumani liwe gari la heshima, katika miaka ambayo kiwanda chake kilikubali kuingia gharama hata katika sehemu ambazo mnunuzi hazioni. Umri umezishusha bei zao hadi zikakutana, na hapo ndipo mnunuzi mwangalifu anapokwama.

Nimeyatumia yote mawili. La kwanza lilikuwa W124 ya toleo la 230E ya mwaka 1990, ambayo baba yangu mdogo aliniachia na nikaiendesha kwa miaka sita. La pili ni IST ya mwaka 2004 yenye injini ya lita 1.3, ambayo ipo nyumbani hadi leo. Nitalisema mapema ninaloliamini ili msomaji asilisubiri: W124 ni kitu kilichotengenezwa vizuri zaidi, lakini kwa mtu ambaye gari hilo litakuwa la pekee nyumbani mwake, IST ndiyo ya kununua. Sababu zangu hazifanani sana na zile zinazosemwa vijiweni, kwamba Benzi hula mafuta na spea zake hazipatikani, na kwa hiyo naomba nizieleze kwa kirefu. Msomaji wa Kenya, ambako IST si nyingi, anaweza kusoma Toyota Vitz kila nitakapoitaja IST, kwa kuwa magari hayo mawili yamejengwa juu ya msingi mmoja na yana injini za ukoo mmoja.

Yalikotoka

W124 ilitambulishwa mwishoni mwa mwaka 1984, na gari la milango minne liliendelea kuundwa hadi mwaka 1995. Ukijumlisha na yale ya milango miwili, ya buti refu na ya paa la kukunja, yalitengenezwa zaidi ya milioni 2.5. Umbo lake lilisimamiwa na Bruno Sacco, aliyekuwa mkuu wa ubunifu wa Mercedes-Benz, na kwa enzi ile lilishangaza kwa namna lilivyopasua upepo: kigezo chake cha ukinzani wa hewa, ambacho kikiwa kidogo ndiyo bora, kilikuwa kati ya 0.29 na 0.30 katika baadhi ya matoleo, kiwango ambacho magari mengi madogo ya miaka 20 baadaye hayakukifikia. Waipa yake ya mbele ni moja tu, lakini mkono wake hurefuka na kufupika unapozunguka, na hivyo hufuta takribani asilimia 86 ya kioo. Nyuma, kila gurudumu limeshikwa na vyuma vitano, mpangilio uliorithiwa kutoka kwenye Mercedes-Benz 190 ya mwaka 1982, na huo ndio unaolifanya gari zito lipite juu ya shimo kana kwamba lilikwisha kuzibwa nusu.

Ninazokutana nazo zaidi huku kwetu ni 200E, 230E na 300E za petroli. Baada ya katikati ya mwaka 1993 majina yaligeuzwa na herufi ikatangulia namba, ndipo zikaja E200, E220 na E280. Baadhi yaliingia yakitoka Uingereza, mengine Japani, na mengine Afrika Kusini, ambako yaliunganishwa katika mji wa East London. Jina lake lilikwisha kuingia katika siasa zetu kabla hata aina hii haijazaliwa, kwa maana baada ya uhuru watu wa Afrika Mashariki waliwaita wakubwa waliotajirika haraka wabenzi, na neno hilo likasafiri hadi sehemu nyingine za bara. Nalitaja kwa sababu uzito wa jina hilo bado una bei yake. Mlinzi wa maegesho, fundi na muuza spea, kila mmoja akiiona ile nyota juu ya boneti, hudhani kwamba mwenye gari ana fedha.

IST ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Vitz, na toleo hilo la kwanza likaendelea hadi mwaka 2007. Injini zake ni mbili, ya lita 1.3 iitwayo 2NZ-FE na ya lita 1.5 iitwayo 1NZ-FE, na giaboksi yake ni ya kujiendesha yenye gia nne. Marekani iliuzwa kwa jina la Scion xA. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2007, ni gari jingine kabisa kwa umbo, na yale ya lita 1.5 yana giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, ambayo hudai oili yake maalumu. Ulinganisho huu hauligusi.

Namna yanavyokwenda

Tofauti ya kwanza huiona mtu kabla ya kuwasha injini. W124 ina urefu wa mita 4.74, na kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.80; IST ina urefu usiofika mita 3.9, na magurudumu yake yameachana kwa mita 2.37 tu. Sentimita hizo 43 ndizo zinazofanya abiria wa nyuma wa W124 anyooshe miguu na mashimo ya barabara yamfikie yakiwa yamepungua makali. Buti lake lina ujazo wa lita 520, na linameza mizigo ya familia inayokwenda Moshi kwa sikukuu bila mtu kupakata begi. Hata hivyo, urefu huohuo ndio adui yake kwenye matuta ya mitaani, hasa yale yaliyojengwa na wakazi wenyewe bila kipimo: mbele hupita, nyuma hupita, halafu tumbo na bomba la ekzosi vikakwaruza katikati. Gari langu lilikwaruza ekzosi mara nyingi kiasi kwamba nilijifunza kuyapanda matuta hayo kwa mshazari.

Kwa safari ndefu sioni ubishi. Viti vya W124 vina springi ndani yake, na vimekusudiwa kukaliwa na mtu siku nzima bila kumchosha mgongo. Usukani wake ni mzito kidogo na hauna haraka, jambo ambalo mjini huonekana kasoro lakini huwa raha unapokaa saa nane barabarani. Injini ya lita 2.3 ina nguvu za farasi zipatazo 132, inasukuma magurudumu ya nyuma, na hata gari likiwa na watu watano na kiyoyozi kimewashwa hupanda kilima bila kulalamika. IST ya lita 1.3 ina nguvu za farasi 87. Ikiwa na mtu mmoja au wawili ni nyepesi na ina wepesi unaotosha kabisa. Ikijaza watu na mizigo kupanda mlima wa Kitonga, utaisikia injini ikipiga kelele, na kulipita lori hapo hudai subira na hesabu nzuri.

Mjini hukumu hugeuka. Katika foleni ya Mwenge au Tabata, gari linaloingia katika nafasi ndogo, linalogeuka kwa usukani mwepesi na linaloegeshwa popote ndilo lenye raha, na IST ni hilo. Viti vyake vimeinuka, hivyo mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, huingia na kutoka bila kusaidiwa, ilhali katika W124 ilitubidi tumpe mkono ajitoe chini. Jambo hili dogo sijaliona likitajwa katika ulinganisho wowote wa magari, nami naliona kubwa kwa familia zetu ambazo mara nyingi gari ndilo linalompeleka mzee hospitali. Mama yuleyule, tulipokuwa tukisafiri kwenda Tanga, aliuliza kwa nini hatukuja na lile jingine.

Jambo moja la IST hudai kuzoewa: saa za mwendo na mafuta zimewekwa katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva. Baada ya wiki mbili mtu husahau.

Mafuta

Kwa uzoefu wangu, 230E yenye giaboksi ya kujiendesha hutumia lita 13 hivi kwa kilomita 100 katika foleni za Dar es Salaam, na IST ya lita 1.3 hutumia lita 8.5 katika njia zilezile. Mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi atanunua lita 130 kwa gari la kwanza na lita 85 kwa la pili. Tofauti ni lita 45 kwa mwezi, yaani lita 540 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya kituo unachojaza na utapata jibu lako mwenyewe. Kwenye barabara kuu pengo hupungua, kwa sababu umbo la W124 linalopasua upepo huanza kulipa, na ukienda kwa mwendo wa kutulia lita 8 au 9 zinatosha kwa kilomita 100, wakati IST hutumia 6 hivi. Tangi la W124 ni la lita 70, hivyo mtu anaweza kutoka Dar es Salaam hadi Moshi bila kugusa kituo cha mafuta na bado akabaki na akiba.

Tanzania iliifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017 na kuihamishia kodi hiyo kwenye bei ya mafuta. Maana yake ni kwamba gari linalokunywa zaidi hulipa zaidi kila siku, na gari linaloshinda uani halilipi kitu. Hili humsaidia mtu wa W124 anayeitoa mwisho wa wiki tu, na humwumiza anayeitumia kwenda kazini.

Hata hivyo, nasisitiza kwamba mafuta si sababu kuu ya kuikataa W124. Tofauti ya mafuta inajulikana, inapangika katika bajeti, na haimkuti mtu njiani usiku. Gharama inayoumiza ni ile isiyo na tarehe.

Fundi kwanza, spea baadaye

Watu husema spea za W124 hazipatikani. Hilo si kweli. Mercedes-Benz ina kituo maalumu cha magari yake ya zamani huko Fellbach, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1993, na vifaa vingi vya W124 bado vinatengenezwa, vingine na kampuni zilezile zilizokuwa zikikihudumia kiwanda, kama Bosch, Lemförder na Sachs. Bushi, boljointi, breki pedi, pampu ya maji, hata mipira ya milango inaagizwa na inakuja. Tairi zake za kipimo cha 195/65 R15 ni za kawaida kabisa na hazina bei ya kutisha. Tatizo ni muda. Ukiingia kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta shokapu ya IST, utaondoka nayo ndani ya nusu saa, na utakuwa umechagua kati ya mpya halisi, mpya bandia na ya mtumba kutoka Japani. Ukitafuta kifaa fulani cha mfumo wa mafuta wa 230E, utaambiwa usubiri wiki kadhaa, na wakati huo gari limesimama juu ya mawe.

IST ina faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Injini zake ni zilezile zilizomo katika Vitz, Platz, Funcargo, Probox na magari mengine ya Toyota ya miaka hiyo, kwa hiyo hata ukiharibikiwa Kahama au Songea, kuna uwezekano mkubwa kwamba kijana aliyeko gereji ya karibu ameshaifungua injini kama yako mara nyingi. Maarifa yamesambaa, na hicho ndicho kitu chenye thamani kuliko spea yenyewe.

Kwa W124 maarifa hayo yamekuwa machache. Mafundi walioijua vizuri, waliosoma enzi magari hayo yakiwa mapya, wamezeeka au wamestaafu, na vijana wengi wamekulia katika mashine za kupima kwa kompyuta. 230E hutumia mfumo wa mafuta wa Bosch uitwao KE-Jetronic, ambao nusu yake ni ya mitambo na nusu ya umeme. Hauna tundu la kuchomeka mashine ya kisasa ukaambiwa kosa liko wapi. Anayeutengeneza anahitaji mita ya umeme, geji ya mgandamizo wa mafuta na akili iliyotulia.

Nitatoa mfano uliotokea kwangu. Gari lilianza kutetemeka likiwa limesimama kwenye taa, kisha taa ya ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kukwama, ikawa inawaka na kuzimika bila mpangilio. Fundi niliyemwendea alibadilisha plagi, akabadilisha pampu ya mafuta, akaigusa skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa ambayo haikupaswa kuguswa, na gari likawa baya zaidi. Miezi miwili ilipita. Hatimaye mzee mmoja mwenye gereji ndogo ya uani alifungua boneti, akaingiza mkono nyuma ya betri, akachomoa rilei, yaani swichi ya umeme, moja ndogo yenye fyuzi juu yake, akaifungua na kunionyesha risasi iliyounganisha waya zake ikiwa imepasuka kwa umri. Rilei hiyo hulinda kompyuta za gari dhidi ya umeme uliozidi, na ikichoka huleta dalili hizohizo nilizoziona. Rilei mpya ilikuwa na bei ndogo kuliko plagi zilizokwisha kubadilishwa bure. Baada ya siku ile nilimwona mzee yule kuwa sehemu ya gari, na niliposikia ana mpango wa kurudi kwao Kilosa, nilianza kufikiria kuiuza.

Ndiyo sababu namshauri mtu anayeitamani W124 amtafute fundi kabla ya kulitafuta gari. Akimkosa, aiache, hata kama bei inavutia kiasi gani.

Umri wa waya, mpira na kiyoyozi

Hata W124 changa kabisa sasa ina miaka 30 hivi. Chuma chake bado kipo, injini zake zinazotunzwa hutembea kilomita laki kadhaa, lakini mpira na plastiki havijali jina la mtengenezaji. Mipira ya mafuta hukakamaa, mirija myembamba ya vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) inayofunga milango na kuendesha vifuniko vya kiyoyozi huvuja, na bushi za sospensheni hulegea zote kwa pamoja kwa sababu zote ni za umri mmoja. Zaidi ya hayo, magari mengi ya miaka ya 1993 hadi 1995 yana kasoro inayofahamika duniani kote: ganda la waya za injini hukauka kwa joto, hupasuka na kubanduka, waya zikagusana na injini ikaanza kukosa moto au kuharibu kompyuta yake. Mnunuzi wa E220 au E280 aulize kama waya hizo zilikwisha kubadilishwa, na asiridhike na jibu la mdomo. Ashike waya mwenyewe karibu na injini na kuukunja kidogo.

Kiyoyozi kinastahili aya yake kwa mtu wa pwani. Magari ya kabla ya mwaka 1992 hivi yalitoka na gesi ya R12, ambayo ilisitishwa duniani kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni, hivyo lazima mfumo uwe ulikwisha kubadilishwa utumie R134a. Ikitokea kwamba evaporeta, kifaa kinachopoza hewa ndani ya dashibodi, inavuja, dashibodi nzima hung'olewa, kazi ya siku kadhaa ambayo fundi mzembe huimaliza akiwa na skrubu zilizobaki mkononi. Gari la kifahari lisilo na kiyoyozi, Dar es Salaam mwezi Februari, ni mateso. IST nayo huishiwa gesi na huharibika kompresa, lakini matengenezo yake ni ya kawaida na hayaogopeshi.

Kutu huyapata yote mawili, hasa yaliyokaa Tanga, Mombasa au Zanzibar. Katika W124 zilizotoka kuanzia mwisho wa mwaka 1989, chini ya milango kuna plastiki pana ya pembeni iliyopendezesha gari, na nyuma ya plastiki hiyo kutu huweza kukaa miaka mingi bila kuonekana. Sehemu za kuwekea jeki ndizo za kuangaliwa kwanza.

IST nayo haina usafi wa malaika. Injini zake zisipobadilishiwa oili kwa wakati huanza kula oili, na mwenye gari asiyepima hushtuka tu siku injini inapogonga. Spea bandia zimejaa kiasi kwamba kifaa kinachopaswa kudumu miaka mitatu hudumu miezi minne. Na kwa kuwa IST ni kipenzi cha madereva wa teksi mtandao, nyingi zilizopo sokoni zimefanya kazi usiku na mchana, huku saa ya kilomita ikisomeka kana kwamba gari lilikuwa la kwenda kanisani Jumapili.

Usalama

Hapa majibu hayanyooki. W124 ilibuniwa kustahimili ajali ya kugongana mbele kwa upande mmoja, asilimia 40 ya upana wa gari, kwa mwendo wa kilomita 55 kwa saa, jambo ambalo watengenezaji wengi hawakulifikiria enzi hizo, na uzito wake unaokaribia tani 1.4 humsaidia aliyemo ndani. Lakini nyingi za mwanzo hazina mfuko wa hewa hata mmoja, na baadhi hazina breki za ABS. IST ni nyepesi, takribani tani moja, ila ina mifuko ya hewa ya mbele kwa dereva na abiria. Mnunuzi wa gari lolote la Kijapani la miaka ya 2000 aichunguze namba ya chesisi katika orodha za magari yaliyoitwa yabadilishiwe mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevunyevu na inaweza kulipuka kwa nguvu ikarusha vipande vya chuma. Magari mengi ya Toyota yaliitwa yabadilishiwe, na hali ya hewa ya pwani ndiyo hasa inayoharakisha uharibifu huo.

Kwa ujumla, ningempakia mwanangu katika IST yenye tairi mpya na mifuko ya hewa iliyokaguliwa kabla ya kumpakia katika W124 yenye kutu chini na breki za kubahatisha, na ningechagua W124 iliyotunzwa kuliko IST iliyochoshwa na teksi. Hali ya gari lenyewe ina nguvu kuliko jina lake.

Ushuru, bima na siku ya kuuza

Kuagiza lolote kati ya haya kutoka nje kumekuwa kugumu. Tanzania huongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa gari la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 10, na Kenya hairuhusu kabisa gari la zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini. Kwa hiyo mtu atanunua lililokwisha kusajiliwa hapa. Kampuni nyingi za bima husitasita kuyapa magari ya umri wa W124 bima kubwa, na mwenyewe hubaki na bima ndogo ambayo haimlipi yeye kitu gari lake likiibwa au kuungua. IST nyingi bado hupokelewa, ingawa nazo zinauelekea umri huohuo.

Kuuza ndiko kunakotofautiana zaidi. IST ikitangazwa kwa bei ya haki huondoka ndani ya siku chache, na mtu aliyeitumia miaka mitatu mara nyingi hurudishiwa sehemu kubwa ya fedha yake. W124 humsubiri mtu wake, na mtu huyo anaweza kuja baada ya miezi sita. Mwenye dharura ya ada au matibabu ataiuza kwa hasara.

Nani achukue lipi

Aliye na gari moja tu, anayekwenda nalo kazini kila siku na kuwapeleka watoto shule, achukue IST, na ya lita 1.5 ikiwa husafiri mara kwa mara na familia nzima. Asidhani kwamba amechagua duni; amechagua gari ambalo nchi nzima inajua kulitengeneza.

W124 namshauri mtu mwenye namna nyingine ya kufika anakokwenda siku gari linapokuwa gereji, iwe gari la pili au makazi yaliyo karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi. Mwenye fundi anayemjua kwa jina. Na mwenye theluthi ya bei ya gari iliyowekwa kando kwa ajili ya mwaka wa kwanza, kwa sababu mwaka huo wa kwanza ndio wa kulipa madeni ya wamiliki waliotangulia. Mtu huyo atapata gari ambalo mlango wake ukifungwa hutoa sauti moja nzito, na atalipenda. Kati ya matoleo yote ningemwelekeza kwenye 230E ya mwaka 1990 hadi 1992, yenye injini ya silinda nne isiyo na mambo mengi na waya zisizo na ile kasoro ya baadaye.

Aliyeinunua yangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Alinipigia simu siku moja kabla na kuniomba nisiiwashe injini hadi atakapofika, akaja saa kumi na mbili asubuhi na kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni la baridi. Aliiwasha akiwa amesimama nje, akisikiliza cheni ya taimingi kwa sekunde zile chache kabla oili haijapanda, kisha akatembea hadi nyuma kuutazama moshi. Alilala chini na tochi akazigonga sehemu za jeki kwa mpini wa bisibisi. Alikivuta kijiti cha oili ya giaboksi, akakinusa, akakifuta kwa kitambaa cheupe na kukitazama kitambaa juani. Alilinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari na iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu moja baada ya nyingine, akisoma kwa sauti. Mwishoni aliniuliza kama ile rilei ya nyuma ya betri imewahi kubadilishwa, nami nikaingia ndani na kumletea ile ya zamani, ambayo nilikuwa nimeihifadhi kwenye droo. Tulimaliza saa tatu. Aliondoka akiiendesha polepole, na nyuma yake mke wake akamfuata akiendesha IST.